Kopo la shilingi 95,000 na jua la Mbagala

Jumapili iliyopita mama mdogo alinitolea kopo kabatini, amelishika kwa mikono miwili. Kolajeni ya unga, ile inayoshikilia ngozi isilegee, imetoka nje, shilingi 95,000, ya kunywa mwezi mmoja. Ni kopo la tatu. La kwanza alilipa kwa hela ya upatu, la pili kwa mkopo wa kikundi, na hili amelichukua kwa mali kauli kutoka kwa dada mmoja anayemsihi ajiunge chini yake. "Mwanangu, hebu tazama hapa chini ya macho, si makunyanzi yameanza kupungua?" Nikatazama. Sikuona kilichopungua, na nikanyamaza. Naandika kwa sababu nilinyamaza.

Mama mdogo ana miaka 54. Anauza mboga Mbagala Rangi Tatu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, kichwani ana khanga tu. Hofu yake ina msingi. Mwanamke akikoma hedhi, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Anachokiona kwenye kioo kipo kweli. Ndiyo maana inanichoma kwamba kuna mtu aliiona hofu hiyo akaifanya biashara.

Kolajeni ni protini. Supu ya kongoro tunayokunywa asubuhi imejaa kolajeni. Ukiimeza, iwe ya kongoro au ya kopo, tumbo linaivunja vipande vidogo, na mwili unavipeleka unakotaka wenyewe. Haya, nikubali: baadhi ya vipande hivyo huonekana kwenye damu, na zipo tafiti zilizoona ngozi ikiongezeka unyevu na kuvutika vizuri zaidi. Lakini mwaka 2025 watafiti walizikusanya tafiti 23, zenye watu 1,474, wakazitenga kwa kuangalia nani alitoa hela. Zilizolipiwa na kampuni zilionyesha faida. Zisizolipiwa na kampuni hazikuonyesha faida yoyote, wala zile zilizofanywa kwa umakini mkubwa zaidi. Huyo dada wa mali kauli hatakuambia hilo, na pengine naye hajaambiwa.

Kuna utafiti mmoja ningependa kila mama anayeuza juani ausikie. Ulifanyika Nambour, mji wa Queensland huko Australia, kuanzia 1992 hadi 1996. Watu waligawanywa kwa kura: wengine wajipake mafuta ya kukinga jua kila siku, wengine waendelee na mazoea yao. Hao hao wakagawanywa tena: wengine wameze kidonge cha beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi yake, wengine wameze kidonge kitupu, kisicho na kitu ndani. Ngozi ya nyuma ya mkono ikachukuliwa alama mwanzoni, na tena baada ya miaka minne na nusu. Matokeo ya watu 903 yalitoka mwaka 2013. Waliojipaka kila siku, ngozi yao ilikuwa imezeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko ya wenzao. Kidonge hakikuleta tofauti. Watu wale wale, jua lile lile, miaka ile ile, na kilichosaidia ni kile kilichosimama kati ya ngozi na jua.

Najua mtanijibu kwamba wale walikuwa Wazungu. Ni kweli, na ngozi yetu ina kinga yake, ndiyo maana makunyanzi yanatuchelewa. Lakini kinga hiyo ina kikomo. Mtazameni mama yeyote aliyeuza sokoni miaka ishirini: madoa meusi kwenye mashavu, paji la uso limekolea kuliko shingo. Kisha itazameni ngozi ya mkono wake pale inapofunikwa na nguo. Ni mwili mmoja, umri mmoja.

Na vidonge si kwamba visipofaa basi havidhuru. Finland waliwapa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 vidonge, wengine vya beta-karotini hiyo hiyo, na ripoti ya 1994 ikaonyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliovimeza.

Mwili unahitaji vitamini C ili utengeneze kolajeni yake wenyewe, hilo halina ubishi. Ipo kwenye pera, kwa wingi kuliko kwenye chungwa, na mapera mama mdogo anayapanga mezani kwake kila siku.

Kinachonihuzunisha zaidi ni kwamba hata hayo mafuta ya jua tunayaona mambo ya watalii. Huko Moshi, pale hospitali ya KCMC, yanatengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la kufa na kupona. Ujuzi upo nchini. Wauza mboga hawajaambiwa kwamba na wao unawahusu.

Jumatano nilikwenda Kariakoo nikanunua mwavuli mkubwa, ule wa kuchomeka kwenye tairi lenye zege, shilingi 45,000. Nikampelekea, na safari hii nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akifunga mafungu ya matembele, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia kopo la kwanza?" Sikuwa na jibu. Jana kanipigia simu kwamba mchicha sasa haunyauki kabla ya adhuhuri. La kopo la tatu bado anadaiwa, mpaka mwisho wa mwezi.