Mkanda katika pambano la nne si mteremko

Wiki hii nimemsikia mchambuzi mmoja wa ngumi redioni akidai kwamba Claressa Shields, bondia wa kike wa Marekani mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, alibebwa. Hoja yake ilikuwa moja tu: alitwaa mkanda wa dunia katika pambano la nne, na eti bondia wa kiume hawezi kufunguliwa mlango upesi namna hiyo. Wenzake studioni wakaitikia. Imeniudhi, na sitaki ipite hivihivi.

Tuanze na hao wanaume. Vasyl Lomachenko wa Ukraine naye aliingia ngumi za kulipwa akiwa na dhahabu mbili za Olimpiki. Pambano lake la kwanza, Oktoba 2013, lilipangwa raundi 10. La pili, Machi 2014, akapelekwa moja kwa moja kugombea ubingwa wa dunia mbele ya Orlando Salido, akapoteza. La tatu, Juni mwaka huohuo, akamshinda Gary Russell na kuondoka na mkanda. Waliomtazama walisema ana kipaji cha ajabu, na walisema kweli. Sikumbuki kusikia neno kubebwa.

Shields alitwaa dhahabu London 2012 akiwa na miaka 17, katika michezo ya kwanza ya Olimpiki kuwa na ngumi za wanawake zenye medali. Akaitetea Rio 2016, na hakuna Mmarekani, awe mwanamume au mwanamke, aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Malipo yake yakawa nini? Novemba 19, 2016, Las Vegas, usiku ambao pambano kuu lilikuwa la Andre Ward na Sergey Kovalev, aliwekwa kwenye mapambano ya utangulizi: raundi 4 za dakika 2. Dakika 8 kwa bingwa mara mbili wa Olimpiki. Lomachenko, siku yake ya kwanza, alipangiwa dakika 30, maana raundi za wanaume ni za dakika 3.

Na mtazameni aliyesimama kona ya pili. Kila anayefuatilia masumbwi anajua desturi ilivyo: nyota mpya hutafutiwa mtu wa kupigwa, rekodi ikapendeza, mashabiki wakazoea jina. Shields alipewa Franchon Crews. Ni kweli Crews naye alikuwa anaanza ngumi za kulipwa, lakini alitoka ridhaa akiwa na uzoefu mkubwa, na mwaka 2022 alikuja kuwa bingwa asiyepingika, yaani mwenye mikanda yote mikubwa, wa uzito wa super middle. Huyo ndiye aliyekuwa wa kufungulia. Shields alishinda raundi zote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Szilvia Szabados, mpinzani wa pambano la pili, hakuwa saizi yake. Pambano lilisimamishwa raundi ya 4, Detroit, Machi 2017. Lakini usiku ule wanawake walikuwa pambano kuu kwenye chaneli ya kulipia ya Showtime, jambo ambalo halikuwahi kutokea Marekani, na ukumbi ulimfuata yeye, binti wa Flint, mji ulio jirani.

Sasa hilo pambano la nne, Agosti 2017. Nikki Adler alikuwa bingwa wa WBC, mojawapo ya vyama vinne vikubwa vinavyotoa mikanda ya dunia, na hakuwa amepoteza hata mara moja. Shields alimshinda kabla ya raundi ya 6.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu ngazi wanayopandia wanaume haikujengwa kwa wanawake. Bondia wa kiume mwenye jina hupewa miaka ya kujifunza, mapambano 15 au 20, na kuna promota na televisheni wanaogharamia subira hiyo. Nani alikuwa tayari kumlipia Shields miaka mitatu ya kupasha misuli? Hata baada ya dhahabu ya kwanza wadhamini hawakumkimbilia. Na katika uzito wake wapinzani walikuwa wa kuhesabika, wengi wao tayari wakiwa na mikanda. Ilibidi ajifunzie kazi ndani ya mapambano ya ubingwa, ambako kosa moja linakugharimu kila kitu.

Juni 2018 nusura limgharimu. Hanna Gabriels alimwangusha raundi ya kwanza. Ilikuwa pambano lake la sita tu. Aliinuka, akazifanyia kazi raundi tisa zilizobaki, na majaji wote watatu wakampa ushindi. Miezi kumi baadaye, katika pambano la tisa, akamshinda Christina Hammer, ambaye naye alikuwa hajapoteza, na kukusanya mikanda yote minne ya uzito wa kati.

Na kwa wanaomlaumu Shields kwa uhaba wa KO, yaani ushindi wa kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea: mpe bondia yeyote raundi za dakika 2, ondoa ile dakika ya tatu ambayo mpinzani aliyechoka hushusha mikono, kisha tuzungumze.

Ninachowaomba wachambuzi wetu ni kidogo sana. Kabla ya kusema mtu alibebwa, wataje alipewa raundi ngapi, za dakika ngapi, na dhidi ya nani. Kwa Shields majibu yote matatu yapo wazi, na pambano la Gabriels ndilo ningependa walitazame kwanza.