Kabla ya kubonyeza, mwonyesheni hesabu

Soko la Kibuye, Kisumu, saa nne asubuhi. Mama muuza omena ameegemeza simu kwenye gorogoro, anafuatilia mafunzo ya ushuru ya KRA, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, mtandaoni. Mteja akafika: "Mama, nipimie mbili." Akapima, akatia nyongeza, akafunga. Alipoirudia simu, mkufunzi alikuwa ameshafika mbali.

Mafunzo haya siyapuuzi. Ni ya bure, na mfanyabiashara wa Ahero au Luanda hapotezi nauli na siku nzima kwenda mjini. Wengi hadi leo humlipa kijana wa saiba, duka la intaneti, awajazie ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru, kila Juni, wakamwachia na nywila, wasijue ameandika nini. Anayejifunza kujijazia ameondokewa na hofu kubwa.

Kinachonisumbua ni kwamba somo likiishia kwenye kubonyeza iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani, na kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, limeruka uamuzi unaotangulia, na hapo ndipo pesa za mtu mdogo hupotelea.

Chukua ushuru wa mauzo. Tangu Julai 2023 umepanda kutoka asilimia 1 hadi 3, kwa biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Hutozwa kwenye mauzo, uwe umepata faida au hukupata. Tuseme mama huyu huuza omena za 200,000 kwa mwezi, na akishatoa bei ya ufuoni, nauli na ada ya soko hubaki na 10,000. Ushuru ni 6,000. Kwa mwaka, 72,000.

Sheria inamruhusu kumwarifu Kamishna wa KRA kwa maandishi kwamba hataki mpango huo, atozwe ushuru wa mapato wa kawaida, unaotazama faida. Ikiwa hana kipato kingine, faida yake ya 120,000 kwa mwaka iko chini ya 288,000, kiwango ambacho nafuu ya mtu binafsi, yaani punguzo la ushuru la mlipaji, hufuta ushuru wote. Halipi kitu.

Sisemi kila mtu ajiondoe. Njia hiyo inadai daftari safi, na tangu Januari 2024 gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi. Mvuvi aliyemuuzia omena alfajiri hana ankara. Mnunuzi anaweza kuitoa mwenyewe kwa niaba ya muuzaji mdogo, lakini hilo linataka kuonyeshwa hatua kwa hatua. Tena mwenye faida nono hupata afueni kwa asilimia 3, bila makaratasi mengi.

Kwa hiyo video ziendelee, ila aongezwe afisa mwenye kikokotoo, aje Kibuye Jumapili soko linapofurika, afungue daftari la mtu na kumpigia hesabu zote mbili. Mimi nilizipiga nyuma ya gazeti la kufungia. Mama akaziangalia kwa muda, kisha akaniuliza: "Sasa hiyo barua inaandikwaje?"