Chuma Kipo, Damu Haipo: Upungufu wa Damu Kando ya Ziwa

Katika vijiji vinavyolizunguka Ziwa Victoria upande wa Kisumu na Siaya, mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amepungukiwa na damu hutarajia kupewa dawa ya kuongeza damu, yaani tembe za madini ya chuma, siku iyo hiyo, na daktari anayeichelewesha mpaka homa itibiwe huonekana hajali. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, mara nyingi si ya haki.

Malaria, au maambukizi yoyote yanayodumu, huamsha kinga ya mwili na kuzua inflamesheni, yaani mwako wa kinga mwilini, na ini likichochewa na kemikali za kinga, hasa interlukini-6, hutoa homoni iitwayo hepsidini. Homoni hii hufunga njia ambayo madini ya chuma hupitia kutoka kwenye seli za utumbo, na vilevile kutoka kwenye makrofaji, yaani seli zinazomeza chembe nyekundu zilizochakaa. Hesabu yake inastahili kutazamwa kwa makini. Mtu mzima hufyonza miligramu 1 au 2 tu za chuma kwa siku, ilhali uboho wake unahitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku ili kutengeneza chembe mpya. Karibu chuma chote hicho, basi, hakitoki kwenye sahani wala kwenye tembe. Hutoka katika chembe kuukuu. Makrofaji zikikizuia, damu hupungua huku ghala limejaa, na tembe inayomezwa wakati huo hufyonzwa kidogo sana, kwa kuwa njia ya utumboni nayo imefungwa.

Tena dawa hiyo inaweza kudhuru. Katika jaribio la Pemba lililochapishwa mwaka 2006, watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufariki kwa wingi kuliko wenzao ambao hawakupewa, ingawa wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma na waliofuatiliwa kwa karibu walinufaika.

Wanaotetea tembe wana ushahidi wao. Utafiti uliofanywa Nyanza miongoni mwa wajawazito 470, ukachapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa miligramu 60 za chuma kila siku hazikuongeza malaria kwa kiasi cha kutiliwa maanani, na uzito wa watoto waliozaliwa uliongezeka kwa wastani wa gramu 150. Tembe za kliniki ya wajawazito, kwa hiyo, sizipingi hata kidogo.

Ninachokitetea ni subira mbele ya mtoto mwenye homa, na kipimo kinachosomwa ipasavyo. Feritini, protini inayohifadhi chuma, hupanda wakati wa inflamesheni na kuuficha upungufu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, ambalo kwa mtoto mzima wa afya aliye chini ya miaka 5 huhesabu upungufu chini ya mikrogramu 12 kwa lita, hupandisha kiwango hicho hadi 30 akiwa na maambukizi. Zahanati isiyo na kipimo hicho ingali na kipimo cha malaria cha tone la damu kidoleni, na hicho ndicho cha kuanza nacho, kisha matibabu, kisha himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ipimwe tena kabla ya kuamua kuhusu chuma.