Mkate ukibaki, usiwawekee kunguru

Jana nimelilia ndege, tena machozi ya kweli, na sioni haya kusema.

Ilikua siku ya kipupwe yenyewe. Kusi linavuma tangu alfajiri, manyunyu yanakuja yanakatika, vyombo vyote vimetia nanga, na Malindi nzima watu wamejikunja ndani. Siku kama hio mie sitoki, nakanda mkate. Unga, hamira, tui la nazi la vuguvugu, chumvi, sukari kidogo, basi. Wakati wa kaskazi donge laumuka upesi mpaka lamwagika bakulini, lakini kipupwe hamira inalala, unaweza ukangoja saa moja na nusu hivi, na mie kungoja kwenyewe ndio nakupenda kwa sababu nakaa mlango wa uani na chai yangu naangalia ndege.

Kwenye mwarobaini wetu kulikua na kiota cha chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua. Kale kakifuko kanakoning'inia, kameshonwa kwa utando wa buibui na majani makavu, ukikaona mara ya kwanza wadhani ni takataka imenasa. Mama mtu alikua anaingia anatoka na vidudu mdomoni hata kwenye mvua, na kila akifika vinatoka vidomo viwili. Wiki nzima nimewafuata hao.

Sasa nimeshafunika donge, nasikia jirani anapanga boflo zake za juzi, mikate ya kununua, juu ya ukuta. Nne, nzima, zimeanza ukungu. Hata dakika haikupita kunguru wakashuka, saba, nane, siwezi hesabu, wakazirarua. Walipomaliza wakawa wanatazama huku na huku. Mmoja akarukia tawi, akakipasua kile kifuko, akatoka na kitoto kimoja. Wa pili akaja akachukua kilichobaki. Nimerusha kandambili, nimepiga kelele mpaka watu wakatoka nje, wapi.

Jirani akaniambia, "Lakini dadangu, mie nawawekea ndege, ni sadaka. Riziki si ya kutupa jaani."

Na hapo ndipo penye shida yangu, maana nia yake ni safi kabisa na sote tumelelewa hivo. Kipande cha mkate kikianguka unakiokota, unakibusu, unakiweka mahali pa juu. Bibi yangu amefanya hivo mpaka siku zake za mwisho. Lakini bibi alikua anaweka kipande, tena cha mkate aloukanda mwenyewe, na sisi twaweka boflo nne kwa sababu tulinunua sita bila hesabu. Mkate ulioukanda kwa mikono yako, ukaupalia makaa, ukachungulia moto wa juu usizidi, huo hauozi nyumbani kwako. Utaula na chai asubuhi, utaukausha, utausaga chenga za kababu, lakini hutauacha uote ukungu.

Na hawa tunaowalisha ni nani? Kunguru mwenye shingo ya kijivu si wa hapa, asili yake ni Bara Hindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ati asaidie kusafisha taka. Leo amejaa pwani nzima. Yule wetu wa kifua cheupe mie sijamuona mtaani sijui tangu lini. Huyu mgeni anakula mayai, anakula vifaranga, na akishiba mkate haondoki, anakaa papo hapo anazaa papo hapo. Kila ukuta wenye boflo ni kama tumemjengea nyumba, na chozi, mnana, chiriku wote walioko jirani na ukuta huo tumewauza. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza wataangamiza kunguru milioni moja. Sawa, sikatai, panapobidi na pabidi. Lakini utaua mia leo na jaa liko pale pale limefurika, kesho si watajaa wengine? Chakula ndicho kinachowaweka.

Haya, nakubali, kunguru naye ni kiumbe, hakuomba kupakiwa melini. Na majaa yasiyozolewa si kosa la jirani yangu. Lakini ukuta ni wake.

Na sadaka ya ndege ipo, wallahi ipo. Chozi anataka maua, panda mshubiri. Chiriku anataka mbegu. Wote wanataka maji. Au nenda tu ukawaangalie. Kipupwe hiki mdomoni mwa mto Sabaki kuna wale ndege wa kahawia wanaotoka Madagaska kuja kukaa kwetu mpaka baridi ya kwao iishe, wanaruka kama mbayuwayu wanadaka wadudu hewani, na watu wapita juu ya daraja kila siku hawajui kuna wageni pale. Mie nikiwaona roho yangu inatulia siku mbili.

Mkate wangu ulitoka saa kumi, mwekundu juu, harufu imejaa uani. Mama chozi bado alikua anarudi, kidudu mdomoni, anazunguka pale palipokua na kiota. Nimeukata mkate nusu, nikaufunga kitambaa, nikampelekea jirani ungali moto. Nikamwambia, "Ukibaki, dadangu, usiuweke ukutani. Nirudishie mie."