Pua ya Cyrano ni kisingizio

Niseme mapema tusije tukazungushana: katika tamthilia ya Cyrano de Bergerac, anayestahili machozi yetu ni Roxane, si mwenye pua.

Kisa chenyewe ni hiki. Cyrano, askari na malenga wa Paris, anampenda binamu yake Roxane, lakini ana pua kubwa ajabu na anaogopa kuchekwa. Roxane kampenda Christian, kijana mzuri wa sura ambaye akisimama mbele ya mwanamke ulimi unamganda. Cyrano anamtungia Christian barua za kumpelekea Roxane kana kwamba kaziandika mwenyewe, na usiku mmoja chini ya roshani ya Roxane anamsemea gizani. Christian anauawa vitani Arras mwaka 1640. Roxane anahamia kwenye nyumba ya watawa na kuomboleza miaka 15, huku Cyrano akimtembelea kila Jumamosi, anapiga soga, anaondoka. Kuhusu barua, kimya. Kila Jumamosi!

Edmond Rostand, mtunzi wa tamthilia hii, alikuwa na miaka 29 mchezo huu ulipofunguliwa katika ukumbi wa Porte Saint-Martin, Paris, tarehe 28 Desemba 1897. Mchezo mzima wa vina na mizani, wakati wajuzi wa mji walikuwa wanataka maisha ya mtaani jukwaani! Inasimuliwa kwamba kabla pazia halijafunguliwa alimwomba radhi Constant Coquelin, mwigizaji mkuu, kwa kumtia hasarani. Hasara haikuja. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na Coquelin akaja kumcheza Cyrano zaidi ya mara 400. Mwaka 1900 aliupeleka Marekani, Sarah Bernhardt akiwa Roxane.

Baada yake kila mwigizaji alibandika pua yake. José Ferrer alitamba nayo Broadway mwaka 1946, kisha akapata Oscar kwa filamu ya 1950. Pua ile hutufanyia kazi chafu: tunaitazama, tunamhurumia mwenyewe, tunamsamehe kabla hatujamuuliza lolote.

Ndiyo maana naupenda mchezo wa London wa 2019. Mwongozaji Jamie Lloyd, akitumia maandishi mapya ya Martin Crimp, alimpandisha James McAvoy jukwaani bila pua ya bandia, bila upanga, na kipaza sauti mkononi. Wapo walionuna. Mimi naona hapo ndipo kisa kilipovuliwa nguo. Mwanaume mwenye uso mzuri vile utamwonea huruma gani? Kinachobaki ni mtu anayejua siri ya maisha ya mwanamke na kumnyima.

Mtaniambia alinyamaza kwa heshima ya marehemu. Haya, rudini Arras. Muda mfupi kabla ya risasi kumpata, Christian anagundua kwamba Roxane sasa anaipenda roho iliyoandika zile barua. Anamtaka Cyrano amwambie kila kitu, ili Roxane achague mwenyewe kati yao wawili. Ni Christian aliyedai hivyo, yule tuliyeambiwa tangu mwanzo kwamba kichwani hamna kitu.