Wijeti ndani ya ukurasa: ijipime urefu yenyewe, au tuufunge?

Wijeti, yaani programu ndogo kama kikokotoo cha mkopo cha sacco, ikibandikwa kwenye tovuti ya mwajiri hukaa ndani ya iframe: fremu inayoonyesha ukurasa mmoja ndani ya mwingine. Usipoipa vipimo, kivinjari huipa upana wa pikseli 300 na urefu wa 150, na kitufe cha kutuma ombi hakionekani. Nairobi, kama kwingine, watengenezaji tovuti hugawanyika hapo.

Kuna wanaofunga urefu, tuseme pikseli 620, na kumwacha mtumiaji askroli ndani. Njia hii haihitaji skripti, na ukurasa hautikisiki unapopakia. Ubaya wake huonekana kwenye simu yenye upana wa pikseli 360: sentensi iliyotosha mstari mmoja kwenye laptopu inakuwa mitatu, na mteja akikosea namba ya M-Pesa, onyo jekundu linasukuma kitufe hadi nje ya fremu.

Wengine huiacha wijeti itangaze urefu wake. Vikoa (anwani za tovuti) vikiwa tofauti, ukurasa mwenyeji hauruhusiwi kuchungulia ndani, hivyo wijeti hutuma namba ya urefu wake kwa postMessage, njia ya kurasa kupelekeana ujumbe, na mwenyeji hukagua event.origin (tovuti ulikotoka ujumbe) kabla ya kugusa chochote. (Wengi huruka ukaguzi huu.) Kasoro nyingi huanzia hapa.

Inayosumbua zaidi ni fremu inayokua lakini hairudi kuwa fupi. Kosa ni kupima kwa document.documentElement.scrollHeight, ambayo haishuki chini ya urefu wa fremu yenyewe: fremu ikishafika 900, jibu ni 900 hata yaliyomo yakibaki 400. Weka kila kitu ndani ya div moja (kisanduku cha HTML), ipime hiyo kwa getBoundingClientRect, kisha pandisha desimali kwa Math.ceil. Ipe div hiyo display: flow-root, la sivyo margin (nafasi ya nje) ya aya ya mwisho itavuja nje na mstari wa chini utakatwa. Ondoa pia pikseli 8 za margin ya body.

Fremu ikirefuka bila kukoma, tafuta 100vh, yaani asilimia 100 ya urefu wa dirisha. Ndani ya iframe, vh ni urefu wa fremu. Ukiiongezea padding (nafasi ya ndani), kila ujumbe unazaa mwingine mkubwa zaidi. Wijeti ikitangaza sifuri, imo kwenye tabu ya ukurasa iliyofichwa. Mwenyeji apuuze sifuri. Na badala ya setInterval, inayopima tena na tena kila baada ya muda, tumia ResizeObserver, inayoarifu ukubwa unapobadilika na iliyomo kwenye Chrome tangu 2018 na Safari tangu 2020: hunasa hata picha na fonti zinazochelewa.

Kwa video, funga uwiano kwa aspect-ratio: 16 / 9, hakuna la kujadili. Fomu ijipime, lakini ipewe min-height inayokaribia urefu wake kwenye simu. Ikiruka kutoka 150 hadi 700 katikati ya kupakia, msomaji hubonyeza asichokusudia.

Waliofunga urefu wana hoja moja nzito: mifumo mingi ya kuhariri hufuta tagi za script, na ujumbe unakosa wa kuupokea. Kwa hiyo usiandike scrolling="no", inayomzuia mtumiaji kuskroli. Mwenyeji akishajibu ujumbe wa kwanza, ndipo wijeti ijiwekee overflow: hidden, inayoondoa kuskroli ndani.