AC yangu na koti la mvua

Sawa, picha ya AC yangu mimi fundi AC, imefungwa turubai, mmeshaiona kwenye grupu. Na wewe uliyemwambia fundi mwenzangu "itupie na kwenye grupu la mtaa", nakujua, na deni lako la kapasita, ile spea ya AC, bado nalikumbuka. Sasa sikieni na upande wa mshtakiwa.

Jumamosi jioni wingu jeusi linatoka baharini, radi inanguruma. Nikafanya kile ninachowaimbia wateja kila masika: nikazima AC kwa rimoti, nikashusha na breka yake. Mvua haiui AC, jamani. Mashine ya nje imeundwa kunyeshewa. Kinachoua ni umeme, na ile AC guard mnayoitegemea kazi yake ni umeme ukipungua au ukizidi, na kuchelewesha kuwaka. Radi si saizi yake.

Ningeishia hapo! Ila mama mkwe alikuwa mgeni wetu, akachungulia dirishani: "Baba Nasra, hicho kitu mbona kinalowana?" Badala ya kumweleza, nikapanda ngazi. Turubai la buluu, pande zote, kamba mizunguko minne, fundo juu ya fundo. Nikashuka najipangusa mikono.

Umeme ukakatika, ukarudi saa sita usiku. Joto la kufa mtu. Nikasubiri dakika tano, umeme utulie kwanza, nikapandisha breka, nikawasha kwa rimoti, nikalala. Ona ufundi huo! Turubai lilishanitoka kichwani.

Saa nane tunaamka tumelowa jasho. Ndani inapuliza hewa ya daladala ya saa kumi na moja jioni. Nje kompresa, moyo wa AC unaosukuma gesi, inanguruma kidogo, inanyamaza. Baada ya muda inarudi, inanyamaza. Nikaketi sebuleni nikatoa mhadhara: gesi imevuja. Kama si gesi, kapasita inayoisaidia kompresa kuwaka imechoka. Mke wangu akauliza, "Si uende ukaangalie?" Nikamjibu kwa ukali kwamba ngazi imelowa. Nikampigia mwenzangu aje na mtungi wa gesi ya AC, R410A, geji, pampu ya vakyumu na kapasita mbili.

Saa moja asubuhi huyo hapo juu ya bodaboda, mtungi kaupakata kama mtoto wa kliniki. Akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasubiri kusikia spana. Kimya. Nikasubiri tena. Kisha sauti ya upole mno:

"Kaka. Hebu njoo."

Nikakata kona. Turubai limevimba kwa mbele kama andazi, feni inapuliza na hewa haina pa kutokea. Kwa nyuma limenyonywa, limeganda kwenye mapezi ya kondensa, yale mabati membamba ya kutolea joto. Joto linatoka, linazunguka humo humo, linarudi lilikotoka. Kompresa inachemka, ovalodi, swichi yake ya kuilinda na joto, inaikata, ikipoa inairudisha. Usiku kucha! Na juu pale, linanikodolea macho, fundo langu.

Mwenzangu akaweka kiganja kwenye turubai taratibu, kama anampima mtoto homa. Akaangalia mtungi. Akaangalia fundo. Akaniangalia mimi.

"Gesi, eeh?"

Dirishani, mama mkwe: "Kumbe hamkulivua koti la mvua?"

Hapo ndipo simu ya mwenzangu ilipotoka mfukoni.

Kompresa ilipona. Tumelivua turubai, tumezima mpaka ikapoa, tumenyoosha mapezi kwa kitana chake, baridi ikarudi. Na nyie mnaoniuliza kwa faragha ifunikwe vipi: kipande cha bati juu tu, kwa ajili ya matawi na nazi, mbele, nyuma na ubavuni paachwe wazi. Kazeni na bolti za breketi kabla ya upepo. Maji ya mafuriko yakiifikia, breka isipandishwe mpaka fundi aifungue mashine na kuikausha.

Kwamba sasa mtatafuta fundi mwingine, wengi mmeandika. Sawa.

Nauli ya bodaboda nimelipa, kwenda na kurudi. Turubai kaondoka nalo yeye, anasema ni ushahidi.